Tangi Lisilojaa

Maneno haya kuhusu matangi ya vyoo niliyasema mjini Malindi mbele ya wenye nyumba, mameneja wa hoteli na mafundi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa kikohozi, na utani mmoja ambao mwenyekiti hakuupenda.

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, mameneja mlioacha kazi zenu mkaja, na nyinyi vijana wa ekzosta, wa malori ya kunyonya majitaka, mliosimama kule mlangoni kana kwamba mmekuja na harufu ya lori: ingieni mkae, viti vipo. Assalaam aleikum. Na kwa wote, hamjambo.

Juzi alasiri nilikuja kuuangalia ukumbi huu. Mlinzi akaniuliza, mzee, umekuja kuzungumzia nini? Nikamwambia, vyoo. Akacheka. Kisha akanishika mkono akanizungusha nyuma ya jengo, akanionyesha mfuniko wa zege uliofichwa na majani. "Hili hapa," akasema, tena kwa fahari, "tangu lijengwe halijawahi kujaa. Miaka kumi na minane. Hakuna lori lililowahi kuja." Nikampongeza. Ni mtu mkarimu, alikuwa ameshaniagizia chai, sikuwa na moyo wa kumwambia kitu kingine pale pale.

Nataka tuanze na fahari ya bwana yule, kwa sababu nimeisikia Maweni, nimeisikia Barani, nimeisikia Kisumu Ndogo, na kule Casuarina nimeisikia kwa Kiitaliano. "Langu halijai." Mtu analisema kama anayesifu ng'ombe wake. Mimi kazi hii ya kunyonya matangi nimeifanya miaka ishirini na mitatu. Nilianza kwa kushika mpira, nikaja kuendesha lori, sasa nina mafundi wangu. Nikiambiwa tangi fulani halijai, ndipo roho yangu inaposhtuka.

Tangi la septiki lililojengwa sawasawa linajaa siku chache tu baada ya familia kuhamia, na likishajaa halipungui tena isipokuwa siku ya kunyonywa. Limekusudiwa hivyo. Ndoo moja ikiingia upande huu, ndoo moja inatoka upande ule. Ukifunua leo, ukifunua mwaka ujao, maji utayakuta pale pale, usawa wa bomba la kutokea. Sasa ukifunua ukaona giza, ukatupa jiwe ukasikia "pwaa!" kutoka mbali, usiseme una tangi zuri. Una tangi lililopasuka. Au una shimo ambalo tangu siku ya kwanza halikuwekwa sakafu.

Na tusimsingizie fundi, maana fundi nimemsikia akijitetea. Ni sisi wenyewe tuliomwambia: fundi, chini usimwage zege, acha yanywewe. Sentensi hiyo naijua kama ninavyolijua jina langu. Mifuko ya saruji ikaokolewa, maji yakanywewa, mwenye nyumba akafurahi. Hakuna aliyeuliza yamenywewa na nani.

Mjue kwanza tumejenga juu ya nini. Sehemu kubwa ya pwani yetu, kuanzia huku kwetu kwenda Watamu na Gede, ni jiwe la matumbawe, na mahali pengine ni mchanga uliolala juu ya jiwe hilo. Aliyewahi kuchimba msingi analijua: lina vishimo, lina nyufa, lina mapango madogo ya kuingiza mkono. Maji hayapiti ndani yake polepole kama kwenye udongo wa mfinyanzi wa bara. Yanakimbia. Kwenye udongo mzuri, majitaka yaliyokwisha kutulia hupita taratibu kwenye tabaka kavu, vijidudu vya udongoni vikayala yale machafu, yanapofika chini yamekuwa afadhali. Kwenye ufa wa tumbawe hakuna wa kuyala. Yanafika chini kama yalivyotoka, na chini huko ndiko kisima chako kinakochotea. Au cha jirani. Au cha msikiti.

Mtaniambia, sisi tunatumia maji ya mfereji. Sawa. Lakini nyote hapa mnajua maji hayo ya kutoka Baricho yakikatika siku tatu kinachotokea. Kila mtu anakumbuka kisima. Mama anachemsha, anasema salama. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, hilo ni kweli kabisa, na msiache kuchemsha. Lakini majitaka yana kitu kingine, naitreti, ambacho moto haukiwezi. Maji yanapungua sufuriani, chenyewe kinabaki, kwa hiyo ukichemsha sana ndivyo unavyokikoleza. Mtu mzima hatasikia lolote upesi. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yale, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa, midomo ikageuka rangi ya samawati. Maafisa wa afya wanatuambia kisima na shimo la choo viachane angalau mita 30. Mimi naongeza la kwangu: kwenye jiwe letu hata hizo 30 usizitegemee kama ukuta, maana ufa haubebi futi kamba.

Nendeni Gede mkatembee ndani ya yale magofu. Mtaona visima, mtaona na vyoo vya mashimo, vimejengwa kwa jiwe hili hili. Watu wale walikaa na choo na kisima karne nyingi kabla yetu. Lakini hawakuwa na ghorofa nne kwenye ploti ya robo eka, wala choo cha kuvuta kinachomwaga lita sita hadi tisa kila mtu anapoinuka.

Sasa nifungue tangi lenyewe, wachache hapa wameliona likiwa tupu. Ni sanduku la zege lenye vyumba viwili, cha kwanza kikubwa, kama theluthi mbili ya urefu wote. Majitaka yanaingia chumba cha kwanza yakiwa na fujo zake, yanatulia. Kizito kinazama kinakuwa tope. Mafuta na sabuni vinaelea vinakuwa ukoko, na ukoko wa tangi la zamani unaweza kuwa mnene kama mkate wa mofa. Katikati ya ukoko na tope kuna maji yaliyo safi kidogo, na hayo peke yake ndiyo yanayoruhusiwa kuvuka ukuta kwenda chumba cha pili, kisha yatoke kwenda kwenye shimo la kunywea, lile mafundi wanaloliita sokipiti.

Anayechunga ruhusa hiyo ni kipande cha bomba cha herufi T kilichofungwa kwenye mdomo wa kutokea. Mguu wake unashuka chini ya ukoko, unavuta maji ya katikati, ukoko unabaki ndani. Bei yake haifiki ya kuku. Kikivunjika, au fundi akikisahau, mafuta yanatoka moja kwa moja hadi shimo la kunywea, yanapaka kuta zake kama samli, na shimo lililofyonza miaka kumi linaziba kwa miezi. Hapo ndipo mwenye nyumba anaposema "tangi limejaa". Lori linakuja linanyonya, wiki mbili baadaye maji yako uani tena. Analaumu lori. Amekuwa akinyonya tangi lisilo na kosa, mgonjwa ni shimo la pili.

Kinachojaa kwenye tangi, basi, ni tope. Nalo lina hesabu, nitaifanya hapa kwa sababu mimi huwa naifanya kwa mkaa ukutani.

Chukua nyumba yetu ya kawaida ya Kiswahili, vyumba sita, watu sita. Tangi la lita 3,000. Mtu mmoja, kwa makadirio tunayotumia kazini, anaacha tope la lita kama 40 kwa mwaka baada ya vijidudu kula walichoweza. Watu sita ni lita 240. Tangi linatakiwa kunyonywa tope linapofika theluthi yake, yaani lita 1,000. Gawanya: ni miaka minne na ushei. Watu hawa wakitumia lita 80 za maji kila mmoja kwa siku, ni lita 480, na nafasi iliyobaki ndani ya tangi hata mwishoni ni lita 2,000. Maji yanakaa siku nne kabla ya kutoka. Yanatulia vizuri sana.

Mzee akafariki, Mungu amrehemu, watoto wakauza. Mnunuzi akabomoa, akapandisha ghorofa tatu, vyumba vya kupangisha. Watu 30. Tangi ni lile lile, kwa sababu liko chini na halionekani, na hakuna mpangaji anayeuliza habari za tangi kabla ya kulipa kodi. Watu 30 ni tope la lita 1,200 kwa mwaka: theluthi ya tangi inakwisha kwa miezi kumi. Na maji ni lita 2,400 kwa siku, yanapita ndani ya nafasi ya lita 2,000. Hayamalizi hata siku moja. Yanaingia mbio yanatoka mbio, yamebeba tope mgongoni. Hilo si tangi tena, ni bomba nene.

Malindi yetu ya leo ndiyo hiyo. Mji hauna mtandao wa mabomba ya majitaka, kila kiwanja ni kiwanda chake. Sensa ya 2019 ilitukuta zaidi ya laki moja mjini, na tangu hapo nani hapa hajaona ploti ya minazi ikigeuka fleti? Tunapandisha juu kwa ramani, kwa injinia, kwa vigae vya kutoka nje. Chini tunaacha alivyoacha marehemu.

Kwa hiyo ukiniuliza swali ninaloulizwa kila siku, "ninyonye kila baada ya miaka mingapi?", nitakuuliza na wewe: mna watu wangapi? Vitabu vinasema miaka miwili hadi mitano. Nyumba ya kizee anayeishi na mjukuu mmoja inaweza kukaa hata zaidi. Ile ya ghorofa tatu haiwezi kumaliza mwaka.

Lakini usihesabu tu. Pima. Tafuta fimbo iliyonyooka ya mita mbili na nusu, mti wa mkoko unafaa. Nusu yake ya chini uizungushie taulo kuukuu jeupe, ukaze kwa kamba. Funua mfuniko, ukae upande upepo unakotoka, usiinamishe kichwa juu ya tundu. Shusha fimbo polepole, toboa ukoko, nenda mpaka uhisi sakafu, hapo inagonga "ko". Sasa subiri. Dakika mbili tatu, hapa ndipo watu wanapokosa subira. Ipandishe taratibu, ilaze chini, angalia taulo. Sehemu ya juu itakuwa imelowa na rangi ya maji machafu tu. Halafu kuna mstari, na chini ya mstari chembe nyeusi zimeng'ang'ania kwenye nyuzi za taulo kama masizi kwenye sufuria. Kutoka mstari ule hadi ncha ya fimbo ndiyo tope lako. Likiwa theluthi ya kina cha maji, piga simu. Likiwa bado, funika, nawa kwa sabuni, rudi baada ya miezi sita. Taulo ulitupe, tafadhali. Nimemwona mtu akilianika.

Na kama hupati sakafu, kama fimbo inaingia kwenye mawe malegevu na inaendelea kushuka, tutazungumza baadaye faraghani.

Wengine hawawezi kupima kwa sababu hawajui tangi liko wapi. Msicheke. Nimeitwa kwenye nyumba ya mamilioni, tukagonga uwanja mzima kwa nyundo tukisikiliza sauti, kwa sababu mwenyewe alipanga matofali ya kabro juu ya mfuniko ili gari lipite vizuri. Chora mahali lilipo, pima hatua kutoka kona ya nyumba, mchoro uuweke pamoja na hati ya kiwanja. Na gari lisipite juu yake, ule mfuniko si daraja.

Yanayoingia. Samahani wazee wangu, hapa nitasema wazi. Choo kinapokea kinachotoka kwa mtu, maji, na karatasi laini. Pampasi, pedi, kondomu, pamba, vitambaa vya kupangusia watoto, mifupa ya samaki, vichungi vya sigara, hivyo vyote mimi huvitoa kwa mkono wenye glovu, moja moja, vikiwa vizima kama vilivyoingia. Na dawa kali za kung'arisha choo, zikimwagwa kopo zima kila asubuhi ili wageni wasikie harufu ya limau, zinaua vijidudu vinavyotufanyia kazi bure. Asidi ya betri ndiyo mbaya zaidi, inakula mpaka zege. Kisha mtu huyo huyo anaenda dukani kununua dawa ya kuongeza vijidudu, au anamwaga hamira. Niliwahi kukuta mzoga wa paka ndani ya tangi jipya, mwenyewe akaniambia ndiyo mbegu. Mbegu mnazo nyinyi wenyewe, jamani. Zinaingia kila mtu anapokwenda msalani.

Mameneja wangu, nimewafikia. Shida yenu si choo, ni jikoni. Huu ni mji wa pizza na kamba wa kukaanga, na mafuta yakiwa ya moto, yakichanganyika na sabuni, yanateleza bombani kama maji. Mita kumi mbele yanapoa. Yanaganda meupe, yanakaza kama sabuni ya mche, na bomba la inchi nne linabaki na tundu la kidole. Mtego wa mafuta unawekwa karibu na karo, kabla ya maji kufika tangini, na kazi yake ni kuyapoza maji hayo ili mafuta yaelee ndani ya kisanduku kidogo unachoweza kukisafisha kwa upawa. Hoteli nyingi wanao. Nimefunua mitego mingi iliyofungwa na mjenzi na haijafunguliwa tena tangu siku hiyo. Mafuta na makombo yakichukua robo ya kisanduku, kisafishwe. Kwa jiko lenye shughuli hiyo inaweza kuwa kila wiki, na mtu wa kazi hiyo awe na jina kwenye ratiba, asiwe "yeyote aliye huru".

Halafu msimu. Desemba mpaka Pasaka mmejaa, Agosti mmejaa, na tangi lile lile linalolala usingizi mwezi wa Mei linapokea wageni mia kwa mpigo. Nyonyeni Pasaka ikiisha, kabla masika haijakaza. Mvua zikishamwagika, maji ya ardhini yanapanda, shimo la kunywea halinywi tena, na lori linazama uani hadi ekseli. Kuna hatari nyingine kwa waliozika matangi ya plastiki sehemu za chini, huku karibu na mto Sabaki: ukilinyonya likabaki tupu wakati ardhi imelowa, linaelea. Naapa nimeliona. Likasukuma mchanga, likaibuka uani kama kasa anayekuja kutaga, mabomba yote yakakatika. Ukishanyonya, rudishia maji siku hiyo hiyo. Na yale maji ya kuoshea chujio la bwawa la kuogelea, pamoja na ya mvua kutoka paani, yasiingie tangini kabisa. Ni mengi, yanakuja kwa kishindo, na ya bwawa yana klorini.

Kuna jambo moja ningependa kulipita, lakini sitalipita.

Mwaka siutaji wala mtaa, kwa sababu wazazi wao wako hai. Walikuwa vijana wawili, mmoja nilikuwa nimemfundisha kazi mimi. Mwenye nyumba hakutaka gharama ya lori, akawaita usiku wachote kwa ndoo. Kamba ikakatika, ndoo ikabaki ndani. Tope lilikuwa limeshapungua, kwenye goti tu, yule wa kwanza akaona ni jambo dogo, akashuka ngazi. Hakupiga kelele. Mwenzake alimwona akikaa chini kama mtu aliyechoka. Akashuka kumwinua. Nilipofika alfajiri walikuwa wameshatolewa, wamefunikwa leso, na ngazi bado imesimama ndani ya shimo.

Ni hewa. Tope likikorogwa linatoa gesi inayonuka kama yai viza, na watu wanadhani ilimradi wanaisikia harufu watajua ikizidi. Ikizidi, pua inakufa ganzi. Harufu inatoweka kabisa, unadhani imekwisha, na pumzi mbili tatu mbele umeanguka. Iko gesi nyingine isiyonuka, inayowaka, ndiyo maana msimulike kwa kibatari wala kiberiti. Hakuna ndoo, hakuna simu, hakuna ufunguo wa gari unaostahili mtu kushuka humo. Mwenzako akianguka usimfuate, ita watu, peleka kamba, peleka hewa. Najua ni rahisi kusema nikiwa nimesimama hapa. Yule kijana wa pili pia alikuwa ameambiwa. Nilimwambia mimi.

Na mifuniko iliyopasuka, ile mliyoifunika kwa bati na tairi, watoto wanacheza juu yake sasa hivi tukiwa hapa. Nisiongeze.

Nimebakiwa na habari ya vijana wangu wa mlangoni. Mwenye nyumba, lori likiondoka kwako, kazi yako haijaisha. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi, muombe kibali chake cha kubeba taka kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mtake risiti. Sheria ya mazingira ya 1999 haimwachilii anayemwaga ovyo, na Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, jirani yako akiwemo. Lori la bei ya kutupa lina sababu ya kuwa la bei ya kutupa: halikwenda mbali. Limegeuza nyuma kwenye kichaka, au kwenye mkondo unaoshuka pwani. Hifadhi yetu ya bahari ilitangazwa mwaka 1968, na matumbawe yale wageni wanayolipia boti kuyaona hayapendi mbolea. Majitaka ni mbolea. Mwani unanawiri juu yake, jiwe linafunikwa, samaki wanahama. Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa na mimi.

Gharama, najua. Mwenye fleti ya vyumba kumi, tenga kidogo kwenye kila kodi ya mwezi, weka kando, usikiite faida. Baada ya miezi kumi lori limeshajilipa. Mwenye nyumba ndogo, ungana na majirani watatu, mkaliite lori siku moja, mtapunguziwa. Anayejenga upya, mwambie fundi amwage sakafu, apige plasta ndani yenye dawa ya kuzuia maji, aweke mifuniko miwili ya kufunguka, mmoja juu ya kila chumba, na bomba la hewa lipande juu ya paa. Kisha, kabla hajalipwa salio, mfanye mtihani mdogo. Jazeni tangi maji hadi mdomo wa kutokea. Wekeni alama. Mkalale. Asubuhi mfunue. Tangi jipya la zege linaweza kunywa kidogo usiku wa kwanza, mrudie usiku wa pili. Alama ikiwa pale pale, mlipe fundi na umshike mkono.

Mtihani huo unafaa kwa tangi la zamani pia. Na jana, kwa ruhusa ya bwana mwenyekiti, niliufanya hapa hapa nyuma.

Tulifunua kabla ya magharibi, mlinzi akiwepo, yeye ndiye aliyeshika tochi. Tope lilikuwa kidogo chini, sehemu nyingine kavu. Tukaleta boza la maji, tukamimina hadi mdomo wa bomba la kutokea, nikaweka alama kwa mkaa. Choo kikafungwa kwa kufuli, ufunguo akalala nao yeye. Nimerudi leo baada ya sala ya alfajiri. Alama ya mkaa ipo. Maji sikuyaona. Nilishusha fimbo yangu ya mita mbili na nusu, ikatoka na taulo lililolowa shibiri moja tu pale ncha.

Mlinzi alinyamaza kitambo. Kisha akageuka akatazama kule kwenye mwarobaini, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti ndogo. Kutoka mfunikoni hadi kisimani ni hatua kumi na nne.

Chai mliyokunywa mlipoingia msiiogope. Nilimwahi mama mpishi mapema, akatumia maji ya mfereji. Fimbo ninayo kwenye gari na mataulo yako kumi. Anayetaka kuanza na nyumba yake leo, tutoke pamoja.